Damu Kwenye Ugali wa Stefania

Kitongojini, nje ya Mtama
11 Aprili 2024

Mjukuu wangu Skolastika,

Mimi babu yako Tomaso Nandonde nina miaka sabini na tisa na nimewashinda wengi. Nimezika wake wawili. Nimemzika kaka yangu Eusebio. Nimeishinda ndui nikiwa mtoto, nimeishinda njaa ya mwaka ule tuliochimba ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka pori likaisha, nimezishinda operesheni ya vijiji, mvua za Elinino na hiyo korona iliyoua wazungu. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema Tomaso amekwisha, mwambie apange foleni.

Huku hatujambo. Mvua haitaki kukata, mahindi yamesimama vizuri, shamba la korosho nimelipalilia nusu. Mbuzi wa Gregori amezaa mapacha na mwenyewe anatembea kwa madaha kama amewazaa yeye. Mumeo Alex naye mzima? Mwambie mimi ndiye mume wa kwanza, yeye nimemwazima tu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, usidhani nimeandikiwa. Kwenye kisomo cha watu wazima nilikuwa wa kwanza darasani, mwalimu akasema Tomaso ungezaliwa mjini ungekuwa karani. Simu sitaki. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu cha Gregori, na ukipanda pale kitongoji kizima kinanyamaza kikusikilize. Halafu vidole vyangu ndiyo habari yenyewe.

Asubuhi vidole vinakuwa vigumu kama makopa ya muhogo. Mpaka jua lipande ndiyo vinakubali kushika jembe. Vimevimba kwenye vifundo, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, kama mtu amevipima. Eusebio alianza hivihivi.

Sasa soma polepole. Unajua tangu nifiwe, bibi yako Stefania ndiye anayenipikia, kama alivyompikia Eusebio. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, mlango wake na wangu inatazamana. Nakula ugali wake, tonge nikilitoa mdomoni lina damu. Nauma muhogo wake wa kuchemsha, nautazama, pameachwa alama nyekundu. Si leo si jana. Nikamwuliza, "Stefania, unapika na nini?" Akasema, "Kwa maji na chumvi, kaka. Kama havikutoshi, jiko lile pale." Jibu hilo lipime mwenyewe.

Eusebio alikula chungu hichohicho. Vidole vikavimba, mdomo ukanuka, akakonda, akafa ameshika kifua. Na sasa anakuja. Haji usiku kama wafu wa watu wengine, anakuja mchana kweupe. Anasimama chini ya mkorosho wake, anafungua mdomo, anaingiza kidole ndani kunionyesha. Haongei. Mimi si mtu wa kutishika, lakini kidole kile nimekielewa. Kinasema, nililiwa.

Tumekubaliana na Gregori, ambaye ndiye mwenyekiti wa kitongoji, mnyoaji aitwe mwanzoni mwa mwezi ujao. Utaratibu unaujua. Anayeshukiwa ananyolewa kichwa mbele ya watu, uchawi unakufa, watu wanaendelea kuishi. Hapigwi mtu. Nimekuandikia kwa sababu Stefania ndiye aliyekulea wewe baada ya mama yako kufariki, sitaki usikie kwa wapita njia.

Barua nampa Ismaili, konda wa basi la Masasi. Akishuka Nangurukuru kula kwenye kibanda chako atakukabidhi. Usimlishe bure.

Babu yako asiye na mpinzani,
Tomaso Nandonde


Nangurukuru
26 Aprili 2024

Babu yangu, mume wangu wa uzeeni,

Shikamoo. Barua nimeipokea, Ismaili amekula na amelipa. Sisi tunaendelea. Abiria ni wachache kwa ajili ya mvua, siku nyingine wali unabaki tunakula sisi na majirani. Alex bado anaendesha bodaboda kati ya hapa na Masoko, anasema akikuona atakurudishia mke wako, amemshinda kwa mdomo. Mimi sijambo, ila asubuhi chakula hakikai tumboni. Usianze kuhesabu.

Babu, nimeisoma barua yako nimekaa chini. Naomba kabla mnyoaji hajaja ufanye jambo moja dogo. Chukua kikombe cheupe. Kabla hujala kitu chochote, kabla hata hujamwona bibi, sukutua kwa maji ya mtungi wako mwenyewe, sugua fizi kwa kidole, utemee kikombeni. Halafu tazama.

Nakuambia kwa sababu mimi mwenyewe mwezi uliopita nilipiga mswaki nikatema damu. Nikaogopa. Kliniki wakanipeleka chumba cha meno pale Masoko. Tabibu wa meno, mama mmoja anaitwa Salome, akanionyesha kwa kioo. Fizi zilikuwa nyekundu zimevimba, zikiguswa kidogo zinavuja. Hakuna aliyenipikia kitu kibaya, babu. Chakula napika mwenyewe.

Nikamwuliza juu ya mikono yako. Akasema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hajamwona, lakini mzee mwenye fizi zinazovuja na vidole vilivyovimba pande zote mbili yeye angependa sana kumwona, na mapema.

Na ule ugoro unaoubania kwenye mdomo, amesema uuache.

Babu, Stefania alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza chini. Usimnyoe bibi yangu. Kama ni kosa la kupika, nitakutumia hela ule kwa mama ntilie. Napiga magoti hapahapa kwenye karatasi.

Wako mtiifu,
Skolastika


Kitongojini
9 Juni 2024

Mjukuu wangu Skolastika,

Mimi mzima. Gregori mzima. Mbuzi mmoja katika wale mapacha ameliwa na chatu, yale madaha yameisha.

Barua yako imefika juzi. Ismaili anasema barabara ilikatwa na maji, mabasi yakasimama, kisha gari lake likaingia gereji na yeye akarudi kwao, barua yako imo kwenye mfuko wa koti. Imekuja imekunjamana kama uso wangu. Ingewahi ningeisoma. Haikuwahi.

Mambo yalikwisha. Mnyoaji alifika, watu wakajaa uwanjani kwa Gregori. Nilisimama nikasema niliyoyaona, kwa sauti, sikutetemeka. Stefania wakamkalisha juu ya kinu kilichogeuzwa. Hakulia, hakubisha. Nilikuwa nimesahau kwamba nywele zake ni nyeupe, mara zote yuko ndani ya kitambaa. Zilipokuwa zinadondoka watoto walidhani ni pamba.

Halafu mnyoaji akasema desturi yake ni kunyoa wote wawili, anayeshukiwa na anayeshuku, ili asibaki mtu wa kumcheka mwenzake. Akanishika kichwa. Mimi nina upara, wewe unajua. Akabaki ameshika wembe hana pa kuupeleka, akanipaka maji tu. Watu wakacheka. Stefania naye akacheka, yuko palepale juu ya kinu. Kicheko kile sikukipenda.

Akaenda kuoga kichwa, akajifunga kanga, akafunga mlango kwa kufuli, akaondoka na mfuko mdogo. Chungu chake amekiacha. Hakuaga. Hapa hakuna anayejua alikoelekea. Valeria, huyu jirani, anasema alimwona barabarani akitembea kwa miguu, mvua inanyesha. Mimi siulizi. Kama amekuja kwako usiniambie. Kama hajaja, vilevile usiniambie.

Ila kuna jambo. Asubuhi, jua likiwa limeshatoka, nasikia mchi unatwanga ndani ya nyumba yake. Nimekwenda kutazama. Kufuli lipo. Nimechungulia dirishani, kinu kimekauka, buibui ameweka utando mdomoni mwake. Nikirudi kwangu nikikaa tu, unaanza tena, twa, twa, kama mtu asiye na haraka. Na Eusebio nilidhani atapumzika sasa. Ameuacha mkorosho wake, anakaa kizingitini kwa Stefania, kinywa wazi.

Kuhusu kikombe cheupe, mimi sina kikombe cheupe. Ugoro usiutaje tena, ni rafiki yangu tangu kabla mama yako hajazaliwa. Mikono inaelekea kupona. Siku hizi nakunywa uji tu, ndivyo nilivyopenda.

Hiyo ya asubuhi tumbo halitaki chakula nimeshahesabu.

Babu yako,
Tomaso Nandonde


Nangurukuru
23 Juni 2024

Babu,

Shikamoo. Alex anakusalimu. Umehesabu vizuri, ni mwezi wa kumi na moja Mungu akipenda. Tabibu Salome anasema mimba nayo inaweza kuchokoza fizi, ndiyo maana zangu ziliamka. Nimezitunza, zimetulia.

Umeniambia nisikuambie. Basi sikuambii.

Ulichoniandikia nimekisoma. Sijapata usingizi mzuri tangu siku hiyo, na sina la kusema juu ya nywele zile. Nitasema ya mdomo wako tu, maana hayo nayaweza.

Unasema mikono inapona. Barua yako ya kwanza ilikuwa na herufi zimesimama wima kama askari. Hii zimelala zote. Sehemu nyingine umeishika kalamu kwa ngumi, karatasi imetoboka. Unasema unakunywa uji kwa kupenda. Wewe, babu? Wewe uliyekuwa unafungua soda kwa meno kwenye harusi yangu, mpaka padri akageuka pembeni? Na damu hukuitaja hata mara moja. Bibi hayupo hapo jikoni. Damu imekwenda wapi?

Nilirudi kwa tabibu nikamwomba anieleze taratibu ili nikuandikie. Akasema hivi. Fizi inayovuja damu ni kidonda. Kidonda cha mguuni utakiona utakiosha, cha mdomoni kinakaa miaka, mwenyewe anameza tu. Mwili unapigana nacho usiku na mchana, na vita hiyo haibaki mdomoni, inatembea na damu. Mwenye sukari, sukari inakataa kushuka. Moyo nao unaweza kuumia. Na mwenye baridi yabisi, viungo vinachochewa. Nikamwuliza, "Kwa hiyo meno ndiyo yamemvimbisha vidole?" Akasema, "Sijasema hivyo. Baridi yabisi ina mambo mengi, na ina dawa zake. Lakini nyumba ikiwaka moto, na wewe uko dirishani unatupia kuni, utaanza na lipi? Acha kutupa kuni." Akaongeza kwamba vidole vikiuma mtu anashindwa kusafisha mdomo, mdomo ukichafuka vidole vinazidi, yanasaidiana kama wezi wawili, mmoja anashika taa.

Babu Eusebio naye mdomo ulikuwa unanuka, umeandika mwenyewe.

Ismaili anakuletea kikombe cheupe. Nimekinunua sokoni Masoko. Usiseme huna.

Skolastika


Kitongojini
4 Agosti 2024

Skolastika,

Mzima. Ufuta nimeuza, wananunua kwa bei ya kulia. Valeria ameumwa mgongo, amepona. Mimba hiyo uitunze, usibebe ndoo.

Kikombe kilifika. Nikakifunikia kopo la ugoro, kilitosha vizuri.

Nitakueleza kitu na wewe usikisome mbele ya watu. Valeria alinipikia ugali na mlenda. Damu. Nikasema sawa, Valeria na Stefania wanakopeshana chumvi. Nikaenda Mtama, kwa mama ntilie asiyenijua, nikala chapati. Damu. Nikasema loo, mkono wa Stefania ni mrefu, umefika mpaka sokoni. Nikarudi na hasira. Njiani nikaingia bondeni kwangu, nikakata muwa. Muwa niliupanda mimi, nikaukata mimi, nikaumenya mimi, haujaona jiko wala chungu wala mwanamke. Nikautafuna nikatema makapi chini.

Nikakaa pale bondeni mpaka jua likageuka.

Nilipofika nyumbani nikakitoa kikombe chako juu ya kopo. Nilichokiona sikuandikii. Eusebio alikuwa kizingitini ananitazama, kidole kiko mdomoni vilevile, na safari hii ndiyo nilimgeuzia mgongo.

Nakuja. Sijasema nimeamini. Nakuja kumwonyesha huyo tabibu wako mtu mzima alivyo, maana naona amezoea watoto. Lindi ni karibu lakini siendi, Lindi wananijua. Mwambie Alex anipokee na bodaboda isiyo na kelele.

T. Nandonde


Kitongojini
22 Septemba 2024

Mjukuu wangu mpenzi Skolastika,

Nimefika salama, Ismaili alinipa siti ya mbele na kila aliyepanda alijua nimetoka wapi. Gregori alikuja kunitazama mdomo. Nikamwambia lipa kiingilio.

Nakuandikia mambo ya chumba cha meno, kwa sababu wewe ulibaki nje hukuona. Nilikaa kwenye kile kiti kama mkuu wa wilaya. Salome akaniambia fungua, nikafungua, akasogeza taa akatazama tena. Nikamwuliza, "Unashangaa? Haya yamevunja mifupa ya nguruwe pori." Akasema, "Mzee, haya manne yanacheza kama watoto wa shule. Mengine yamejengewa ukuta." Ule ugoro na uchafu wa miaka umeganda, fizi zimejitenga na jino, ndani usaha. Akapiga sindano. Sikulia. Yule kijana wa kabla yangu alilia, ukamwulize. Akang'oa manne, mengine akayakwangua kwa chuma mpaka nikasikia sauti kwenye ubongo.

Alipomaliza nikamwuliza, "Kwa hiyo hii damu ni yangu?"

Akacheka. "Ya nani tena, mzee?"

Nikainama nikatema tena kwenye beseni.

Vidole alivigusa kimoja kimoja, akaita daktari mwingine, wakanitoa damu ya kupima, wakasema baridi yabisi, wakaandika vidonge ambavyo nafuata Lindi. Lindi sasa nakwenda, nimeona bora wanijue nikiwa hai. Mswaki natumia, ule wenye mpini uliouvimbisha kwa kitambaa nipate kuushika. Ugoro nimeupunguza. Nasema nimeupunguza, usishangilie. Vidole havijapona, lakini asubuhi vinafunguka mapema, na kalamu hii unaona naishika kwa vidole vitatu.

Chakula cha kibanda chako nimekisifu kwa watu huku. Ule ubwabwa wa nazi na samaki aliyechambuliwa kwa ajili ya mzee asiye na meno! Siku ile ya mwisho nilikula sahani ya pili, na sahani ilibaki nyeupe. Nimemwambia Valeria, huyo mpishi mpya wa mjukuu wangu anajua kazi, si kama watu fulani waliokuwa wananipikia mimi.

Sasa nakueleza jambo zito. Nimenyamaza nalo ndani ya basi mpaka hapa. Siku hiyohiyo nilipokuwa nakula, pale nyuma ambapo umetundika kanga iwe mlango wa jiko, upepo uliinua kanga kidogo, nikaona miguu. Ni miguu ya Stefania. Kidole gumba cha kushoto alikatwa na jembe tukiwa watoto, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika jembe, siwezi kukisahau. Nikaacha kutafuna. Kanga ikashuka. Sikuuliza, kwa sababu aliyekufa haulizwi.

Basi amekufa. Alikufia njiani kwenye mvua, na sasa anatembea na Eusebio. Mchi bado unatwanga kila asubuhi. Nimemwambia padri amsomee misa, ameniuliza amekufa lini, nimemwambia nitauliza. Kama unajua kaburi lilipo, nitumie habari. Sasa nakuomba uniambie.

Babu yako,
Tomaso Nandonde


Nangurukuru
2 Oktoba 2024

Babu,

Shikamoo. Tumbo limekuwa kubwa, Alex ananikataza hata kuinama. Nafurahi juu ya mikono yako, na Lindi usiache kwenda hata ukijisikia vizuri. Tabibu Salome amenisisitiza hilo.

Mwambie padri misa asisome. Miguu uliyoiona ina mtu juu yake.

Bibi alifika hapa usiku uleule wa siku mliyomnyoa. Lori la muhogo lilimwokota mvuani. Kichwa kilikuwa na baridi, nilikifunga kwa taulo la mtoto, hili nililonunua la mtoto. Alinikataza kukuambia. Wewe nawe ulinikataza. Nimewatii wote wawili na nimechoka.

Anapika hapa tangu mwezi wa tano. Ubwabwa uliousifu ni wake. Yule samaki alimchambua miiba mwenyewe kwa vidole, alisema, "Huyo mpumbavu ametolewa meno, atasakamwa na mwiba mseme tena ni mimi." Ulipoomba sahani ya pili alikuwa nyuma ya kanga. Aliniuliza, "Ametema?" Nikamwambia hajatema. Akageuka akaanza kuosha sufuria.

Nimemsomea barua zako zote, hata ile ya kwanza. Ameniambia nikuandikie haya, na naandika kama anavyoyasema.

"Mwambie kaka Tomaso sirudi. Nimepata kiwanja huku. Nitakuja kuchukua mabati yangu na mlango wangu, nilivinunua kwa korosho zangu. Siku nitakayokuja nataka awaite watu walewale, asimame palepale aliposimama, aseme ilikuwa damu ya nani. Asiseme pole. Pole zake sina pa kuziweka. Aseme hilo moja tu. Watoto wa pale hunikimbia kwenye ndoto."

Nilimwuliza, je, akisema, utarudi? Akaniambia nifunike sufuria, nzi wanaingia.

Skolastika


Kitongojini
17 Novemba 2024

Mjukuu wangu Skolastika,

Kwanza hongera. Alex ameniambia ni wa kike na mmempa jina la Stefania. Sikuulizwa, na ningeulizwa ningesema hivyohivyo.

Alipofika na ile gari ndogo ya mizigo, bibi yako yuko mbele na dereva, korosho zilikuwa zinaokotwa, watu wote wako mashambani. Niliwatoa mashambani. Nilipita shamba kwa shamba na fimbo. Gregori akanifuata akisema, "Mzee Tomaso, yale yalikwisha, unafukua nini?" Nikamwambia, "Nilizika mimi, nafukua mimi. Wewe leta uwanja wako." Akasema mwenyekiti ana shughuli. Nikamwambia basi nitasemea juu ya kichuguu chako, wasikie mpaka Mtama. Akaleta uwanja.

Nikasimama palepale. Wewe unajua mimi kusema si tatizo, nimesema mbele ya wakuu. Siku hiyo mdomo ulikuwa mwepesi kwa meno na mzito kwa maneno. Stefania alikuwa amesimama mwisho kabisa, karibu na gari, kitambaa amekivua. Nywele zimerudi, fupi, nyeupe zote. Alizileta zionekane.

Nikasema, "Damu niliyoiona kwenye ugali wa dada yangu ilikuwa yangu. Ilitoka kwenye fizi zangu. Mdomo wangu ulikuwa mbovu na mimi nikausingizia mkono wa mtu. Eusebio naye hakuliwa na mtu. Alikuwa akinionyesha mdomo, na mimi nikasoma kinyume." Nikafungua mdomo wazi nikazunguka nao wauone, mzee kwa mtoto. Mtoto mmoja akasema, "Babu, umebaki na machache." Watu wakacheka. Safari hii Stefania hakucheka.

Nilitaka kuongeza. Nilikuwa nayo mengine, nimeyapanga tangu barua yako. Yeye akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama ananiuliza chumvi, "Umemaliza, kaka?"

Nikasema, "Nimemaliza."

"Basi sogea. Bati linashuka."

Nikasogea. Alex alikuwa juu anang'oa misumari. Nilipokea mabati chini kwa mikono hii, vifundo vinaniuma lakini vinashika, hakuna aliyenituma na hakuna aliyenizuia. Mwisho wakatoa mlango na fremu yake. Nyumba ikabaki inatazama juu. Nikamwambia, "Stefania, kunywa hata maji." Akasema alikunywa njiani. Nikamwambia nyumba yangu ina vyumba viwili. Akaniambia, "Piga mswaki, kaka," akaenda kwenye gari. Sijui kama lilikuwa tusi au lilikuwa jambo jingine, na nimekaa nalo tangu siku hiyo.

Asubuhi ya leo nimekaa nje kusubiri mchi. Hakuna. Hata ndege hakuna. Sikujua kwamba nitautafuta.

Niliyoyaandika yana watu wa kuyathibitisha, nisije nikaambiwa mzee anajisifu. Maneno yangu ya uwanjani aliyasikia Gregori, na hana hamu ya kuyakumbuka, kwa hiyo mbane. Valeria alisimama mbele kabisa. Mabati ni mimi niliyeyapokea, Alex aliniona. Na kuhusu Eusebio, mlango ulipong'olewa aliinuka kizingitini, akaufuata, akapanda nyuma ya gari akakaa juu ya mabati, kinywa amekifunga. Hilo watu watakuambia hawakuliona. Muulize dereva ni nini Stefania alimwambia kabla hawajaondoka. Wote watatu walikuwa wamekaa mbele, lakini alimwambia aendeshe taratibu, nyuma kuna mtu mzima.

Tomaso Nandonde